Bastola ya Mzee na Jumatano Zangu

Kila Jumatano, kwa miaka kumi na tisa, mume wangu Nganga, ambaye mimi humwita Mzee, amekuwa akienda klabu kupiga risasi, na mimi nikibaki nyumbani kupumzika kutoka kwake. Huondoka saa tatu asubuhi na chupa ya chai, hurudi saa kumi na moja jioni. Saa nne jirani yangu Adoyo huingia na omena amewafunga kwa gazeti, tunawasha televisheni, na tunaanza kusema mambo ambayo akina mama wa kanisa hawasemi. Hiyo ndiyo ndoa yangu: siku sita za uvumilivu na moja ya likizo. Kwa hivyo bastola ya Mzee ilipoanza kukwama, mgonjwa hakuwa bastola. Alikuwa mimi.

Bastola yenyewe ni Browning ya zamani, nyeusi, imechakaa kwenye kona hadi chuma cheupe kinaonekana, kama magoti ya suruali ya shule. Mzee alipewa leseni yake baada ya wezi kuvunja duka letu la hadiwea pale Kipkelion. Tangu siku hiyo hakuna mwizi aliyewahi kuiona. Inalala ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu, na ikitoka huko inapiga karatasi tu.

Mwezi wa sita ikaanza vituko. Inapiga risasi moja, inapiga ya pili, ya tatu inakataa kuingia. Mzee anaivuta, anaipiga kofi, anaiombea. Klabu walimvumilia mara tatu, halafu katibu wao, bwana mmoja anaitwa Kebaso, akamwandikia barua. Mzee apewe wiki mbili, kisha apige risasi thelathini mbele ya kamati. Ishirini zikiingia kwenye duara na bastola isikwame, ataendelea. La sivyo uanachama umekwisha, na bastola itarudi kwa polisi, maana hana mahali pengine pa kuipigia.

Jumatano iliyofuata hakwenda. Alikaa jikoni kwangu tangu asubuhi, akaniambia kitunguu hakikatwi hivyo. Mimi nimekata vitunguu tangu nikiwa darasa la nne! Adoyo alipobisha, Mzee ndiye aliyefungua mlango, akamkaribisha kiti, akamweleza bei za misumari kwa saa mbili. Nilipomsindikiza Adoyo hadi kwenye geti, alinishika mkono.

"Mama Shirley, huyu mtu lazima arudi klabu. Hata kama ni na manati."

Jumapili akaja Clifford, mume wa binti yetu Shirley. Clifford ni mtu wa upande wa ziwa, anafanya kazi ya ofisi kule Mogogosiek. Hajawahi kushika bunduki, lakini ana simu kubwa. Tulipomaliza kula Mzee akaleta bastola, akatoa magazini, akavuta kile chuma cha juu tuone ndani hakuna kitu, akataka kuilaza juu ya kitambaa changu cha meza nilichoshona maua kwa mkono. Nikawahi kutandika gazeti.

"Baba, shida ni kwamba hii kitu ni ya kizamani," Clifford akasema. "Siku hizi watu wanaongezea vifaa." Akatuonyesha kwenye simu mtutu wa rangi ya dhahabu.

"Huo unafanya nini?" nikauliza.

"Unang'aa, Mama."

"Hata Mchungaji Jonah ananunua suti zinang'aa, na mahubiri ni yale yale."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mtutu. Clifford akasogeza picha. Kulikuwa na tochi ya kufunga chini.

"Baba yako hupiga saa nne, mchana kweupe. Anatafuta nini na tochi?"

"Basi hii, Mama. Leza. Inaweka nukta nyekundu pale risasi itaingia."

"Na mkono ukitetemeka?"

Clifford akafikiri. "Nukta nayo itatetemeka."

"Yaani kamati yote itaona vizuri vile anatetemeka. Endelea."

Akaendelea. Alisoma mahali kwamba ndani ya bastola hii kuna kachuma fulani ambako watu hukatoa ili triga iwe laini. Nikauliza hako kachuma kanafanya kazi gani. Mzee akajibu mwenyewe, polepole, kwamba magazini ikitoka, hako kachuma kanazuia bastola isilie, hata kama kuna risasi imesahauliwa ndani.

"Na wewe juzi ulisahau meno kwenye gari la watu," nikamwambia. "Hako kanabaki."

Walikuwa wamefika picha ya ishirini na kitu nilipoona kwamba hakuna aliyemuuliza mwenye bastola swali lolote. "Baba Shirley," nikasema, "hebu weka simu kando. Hii kitu inakusumbua wapi?"

Akanionyesha ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilikuwa na makovu, moja juu ya lingine. Kumbe nyundo ya nyuma humng'ata kila chuma kinaporudi, na mimi miaka yote nilidhani ni mambo ya waya wa seng'enge pale dukani. Nikamwambia aielekeze ukutani, alenge kalenda. Anaona nini pale mbele? "Ukungu," akasema. Kile kijichuma cha kulengea kilikuwa chembamba kama punje ya mchele, tena cheusi juu ya cheusi. Halafu nikaleta futi yangu ya kushonea nikapima mkono wake na zile mbao za mshiko. Aliyeziweka mbao zile alikuwa na mikono kama sepetu. Kidole cha Mzee kilikuwa kinafika kwenye triga kwa ncha tu, kama mtoto anayechungulia dirisha.

"Vitu vitatu," nikasema. "Nyundo ya mviringo isiyong'ata. Kijichuma cha mbele kinene, chenye doa jeupe. Mbao nyembamba. Hata cherehani hununui rangi kwanza. Unaangalia kama mguu unafika kwenye pedali."

"Na dhahabu kidogo?" Mzee akauliza.

"Hapana."

Alinuna hadi saa ya chai.

Fundi wa klabu anaitwa Johana, mtu wa Ndanai aliyestaafu kwenye ghala la silaha, na ana leseni ya kazi hiyo. Alitafuta vile vifaa vyote, na Jumanne, siku moja kabla ya mtihani, tukaenda avifunge. Mimi nilienda kwa sababu nisingekuwepo ule mtutu ungeingia. Clifford naye aliomba ruhusa kazini.

"Chamgei, Kogo," Johana akanisalimia. Kwao Kogo ni nyanya.

Alifunga vyote kwa saa moja na nusu, akipuliza vumbi kila baada ya skrubu. Kisha Mzee akasimama mbele ya karatasi, masikio yamezibwa. Ya kwanza, katikati. Akaangalia mkono wake, haukung'atwa, akatabasamu kama bwana arusi. Ya pili, karibu na ya kwanza. Ya tatu ikakwama.

Hapo Clifford akapata sauti. "Nilisema mimi! Springi, mtutu, vyote vibadilishwe!"

"Springi inatoka Nairobi," Johana akasema. "Itafika Ijumaa."

Mtihani ulikuwa kesho yake. Nilimwona Mzee akiketi kwenye benchi, mabega yameshuka, na nikaona Jumatano zangu zote zilizobaki hapa duniani, yeye jikoni, mimi na kisu na kitunguu.

Johana akaifungua bastola vipande vipande juu ya meza. Nikasogea, maana napenda kuona vitu ndani. Ndipo harufu ikanifikia. Harufu hiyo naijua, hunisalimia zizini kila asubuhi saa kumi na moja.

"Baba Shirley," nikasema, "hii bastola umeikamua?"

Akaangalia dari.

"Mafuta yake yaliisha mwezi wa tano," akasema akiwa bado huko juu. "Nikapaka yale ya kukamulia. Kidogo tu."

Sasa, kwetu kopo la mafuta ya kukamulia halina mipaka. Chuchu za ng'ombe, visigino, midomo ya wajukuu, bawaba za milango, zipu ya rinda langu la kanisani. Hata mimi nimeyapaka wilbaro. Lakini wilbaro haina haraka, na baridi ya asubuhi ya huku kwetu huyagandisha yakawa kama ugali wa jana. Johana alikwangua kwa kijiti, akainua juu donge la njano lenye nyuzi za koti la Mzee.

"Kogo, huyu angeleta na mkate."

Alicheka huku akiosha kila kipande. Akatia matone manne ya mafuta yake, akaunganisha, na Mzee akapiga risasi thelathini bila hata moja kukwama.

"Lakini na ule mtutu wa dhaha—" Clifford akaanza.

"Clifford, kunywa chai."

Njiani Mzee alisema maneno manne tu. "Kebaso asijue jambo hili."

Jumatano alitoka saa tatu. Adoyo alikuja, lakini hatukuwasha chochote, tuliketi tu kama watu wa hospitali. Saa saba geti likalia. Mapema hivyo! Adoyo akafunga macho. Mzee akaingia na karatasi yake, akaitandaza juu ya kitambaa changu, na mara hii sikuleta gazeti. Matundu ishirini na sita ndani ya duara.

Nikamshika mkono nikaubusu pale kwenye makovu, mbele ya Adoyo, bila haya.

Akakohoa. "Nimekuwa nikifikiri," akasema. "Wewe hii bastola unaielewa kuliko mimi. Nimeongea na kamati. Jumatano ijayo twende pamoja, nikufundishe."

Adoyo alinifinya chini ya meza hadi nikaruka. Mimi nikamtazama Mzee wangu kwa upole.

"Nitakuja, Baba Shirley. Ila ujue nikishajua kulenga, habari ya vitunguu vyangu utaiongea ukiwa mbali."

Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Jumatano iliyofuata alienda peke yake, na tangu hapo ufunguo wa sanduku analala nao.