Miche Mizuri ya Ijumaa

Usije ukamwambia Bi Wembe kwamba hajui sabuni. Utajuta. Miaka kumi na tisa ndani ya chumba kimoja, mikono imechubuka kwa magadi na ulimi umenoleka hadi basi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya ulimi, ingawa mwenyewe hudai ni kwa sababu alipoanza kazi alikuwa akikata miche ya sabuni iliyonyooka kuliko ya mashine. Mwacheni aamini hivyo, maana kukata kweli alijua.

Chumba chenyewe ni cha kukaushia. Ni kirefu, kina madirisha ya wavu upande mmoja na feni nne upande wa pili, moja mbovu tangu enzi na enzi. Katikati kuna rafu za mbao, na juu yake sabuni ya kufulia hukaa siku tisa ikipoteza maji mpaka iwe ngumu ya kutosha kupigwa mhuri. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa ukijitokeza, wa miaka mingi, ila sasa ulikuwa umezidi. Mche unakwenda vizuri siku ya nne, siku ya tano, halafu asubuhi unaukuta na ufa kutoka kichwani mpaka kiunoni. Mmoja katika kila mitano! Mteja gani atanunua sabuni inayomvunjikia ndani ya beseni? Mingine ilipasukia dukani, wenye maduka wakaanza kurudisha makatoni. Mkurugenzi akawaita wanawake wote thelathini na mmoja wa idara ya miche, akawaambia bila kupepesa macho kwamba ugonjwa huu usipopata dawa ndani ya mwaka, idara anaifunga na anabaki na sabuni ya maji tu.

Thelathini na mmoja, na Bi Wembe ndiye msimamizi wao. Mmoja wao alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Basi serikali ikaingia kati. Wizara ilikuwa imeanzisha mfuko wa utafiti wenye sharti la pekee: chuo kikuu hakiombi peke yake, wala kiwanda hakiombi peke yake. Waombe pamoja. Kiwanda kilete tatizo, chuo kilete wataalamu, serikali igharamie, na baada ya miezi sita afisa aje aone kama ndoa hiyo ina heri au watu wanalishana maneno matupu. Mkurugenzi aliomba, akapata, na ndipo akaja Daktari.

Daktari alikuwa mhadhiri wa kemia, binti wa miaka thelathini na kitu, miwani usoni, raba miguuni. Siku ya kwanza wanawake wanne walimpangia foleni, huyu goti, huyu mgongo, mpaka alipowaeleza kwamba udaktari wake ni wa vitu visivyolalamika. Wakacheka, wakampenda hapo hapo. Bi Wembe, ambaye hapendi watu upesi, alimpenda kwa sababu binti alimwamkia yeye kabla ya kumwamkia Mkurugenzi.

"Mama, kwako nina ombi moja tu," Daktari alisema. "Kila Ijumaa nipe miche ishirini, ile mibichi ya wiki hiyo, kutoka rafu yoyote. Nitaikausha maabara kama mnavyoikausha hapa, na kila siku nitapima unyevu wake, chumvi yake, mafuta yake. Itakapopasuka, nitajua kilichotokea ndani."

"Ishirini tu? Hata mia utapata, mwanangu."

Akampa. Kila Ijumaa alipita mwenyewe kati ya rafu, akiugonga mche mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole. Huo ndio ujuzi wake ambao hakuna aliyemfundisha: mche mbichi wenye ugonjwa hujibu kwa sauti nzito, iliyozibika, na mzima hujibu kwa sauti safi. Alichukua wenye sauti safi. Akaufuta kwa kitambaa, akaupanga kwenye katoni mpya na karatasi katikati. Chuo kikuu hicho, jamani! Maprofesa watauangalia. Unawapelekea sabuni itakayopasuka mezani kwao ili waseme nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Wifi," wifi yake alimtania, "unapeleka sabuni au unaozesha binti?"

"Ningekuwa naozesha ningeanza na wewe. Umekaa rafuni kupita siku tisa."

Ikapita miezi mitano. Jumanne moja Daktari akaja amenyong'onyea, akakaa juu ya katoni tupu kama mtu aliyetoka msibani.

"Mama, nimeshindwa. Miche mia nne na ishirini nimeipima. Yote imekauka maabara bila ufa hata mmoja. Nikadhani basi ni hewa ya chumba hiki, nikafunga vipimo hapa miezi miwili, mliniona. Hewa haina neno. Keshokutwa afisa wa wizara anakuja, na mimi sina la kumwambia. Watatufutia mradi."

"Lakini mwanangu, ile miche si mizuri? Nilikuchagulia mwe..."

Neno likamfia mdomoni. Bi Wembe huyu huyu, ambaye hata kwenye harusi ya mdogo wake alimjibu shehe! Alisimama na kitambaa mkononi, akaona katoni zake zote za miezi mitano zimepangwa mbele ya macho yake, safi, zinanukia, na hazina faida kwa mtu yeyote. Daktari alikuwa ametazama dirishani, hakuona kitu.

Jioni alimwambia mumewe. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na wakati huo alikuwa akifumua pindo la suruali ya watu.

"Yaani umekwenda hospitali unaumwa mguu, ukampa daktari mkono apime," alisema.

"Usinichekeshe, nina hali mbaya."

"Sikuchekeshi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kaseme."

"Nikisema, Mkurugenzi atanifukuza mbele za watu. Kwa uzee huu nikaanze wapi?"

"Na usiposema?"

"Wataondoka wote. Dada yako akiwemo."

Mume akakata uzi kwa meno. "Sasa mke wangu, hapo unachotafuta ni ushauri au kampani?"

Bi Wembe alimtukana kidogo kwa mapenzi, akala, akalala fofofo. Watu wa aina yake ndivyo walivyo. Kinachowakosesha usingizi ni kutoamua.

Alhamisi wakakaa ofisini kwa Mkurugenzi. Afisa wa wizara alikuwa bwana mfupi, mpole, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili, na Bi Wembe aliitwa kama msimamizi, kwa ajili ya kujibu akiulizwa. Daktari alieleza vipimo vyake, akamalizia kwa sauti ndogo kwamba chanzo hakijapatikana na kwamba lawama ni za chuo. Afisa akafungua kalamu.

"Kwa hiyo sina budi kupendekeza mradi usimame," alisema.

"Usiandike hilo," Bi Wembe akasema, na tayari alikuwa amesimama. "Lawama si za chuo. Ni zangu. Huyu binti aliomba miche kutoka rafu yoyote, mimi nikamchagulia mizuri. Kila Ijumaa. Nilikuwa naigonga, ninayojua itapasuka naiacha, ninayojua haitapasuka naipeleka. Niliona aibu kiwanda chetu kionekane kibovu chuoni. Amepima kile nilichotaka akione."

Mkurugenzi akapiga meza. "Miezi mitano! Bi Wembe, miezi mitano umetuchezea?"

"Sikuwachezea. Nilikuwa najivuna. Ni kosa jingine hilo, lakini ni kosa."

"Mama," afisa akasema polepole, "unaelewa ulichokisema? Huu ni mradi wa umma."

"Naelewa, ndiyo maana nimesimama. Ningekuwa sielewi ningekuwa nimekaa."

Afisa akafunga kalamu. "Haya. Hivyo vibovu viko wapi? Angalau vipimwe hivyo."

"Havipo. Vimerudi sufuriani."

Daktari akainua kichwa. "Vimerudi wapi?"

"Sufuriani. Sisi hatutupi mali. Miche yote iliyopasuka wiki nzima tunaikatakata, Jumatatu asubuhi naitia mwenyewe ndani ya sufuria kubwa, inayeyuka, inakuwa sabuni tena. Tangu naanza kazi ndivyo tulivyo."

"Mama, hilo halimo kwenye karatasi ya mapishi niliyopewa!"

"Karatasi inaandika vitu vinavyotoka stoo. Mabaki hayatoki stoo, yanatoka kwangu."

Daktari alikuwa ameshasogeza kiti. Miwani ilimteremka puani na hakuirudisha. "Ufa unatoka zaidi kwenye sabuni iliyopikwa siku gani?"

"Jumatatu," Bi Wembe alijibu mara moja. "Na Jumanne, kwa sababu ya makoko yanayobaki kwenye sufuria. Kuanzia Jumatano inapungua. Lakini hilo najua sababu yake, wale wa Jumatatu wanakuja na uvivu wa..."

Miaka kumi na tisa alikuwa akiwagombeza wapishi wa Jumatatu kwamba wanakoroga kwa mkono mmoja, akili wameiacha kitandani. Wengine aliwaliza.

"Sabuni kavu ukiitia kwenye mbichi haiyeyuki yote," Daktari akasema, sasa akiongea haraka. "Zinabaki punje ngumu, huzioni kwa macho. Mche ukianza kukauka, sehemu mbichi inasinyaa, punje haisinyai..."

"Kama kitambaa na bitana," Bi Wembe akasema taratibu. "Kimoja kikisinyaa na kingine kikagoma, mshono unavutana mpaka unaachia."

"Sawasawa kabisa, mama."

Afisa wa wizara alisoma karatasi yake mara ya pili, kama kawaida yake. Kisha akasema kanuni inamruhusu kuahirisha tathmini mara moja tu, kwa wiki tatu, na kwamba safari hii sampuli hazitachaguliwa na mtu mwenye huruma na sabuni.

Walizifanyia kazi wiki hizo tatu, wee! Kila Jumatatu walipika sufuria mbili, moja na mabaki, moja bila. Kila mche ukapewa namba, namba zikawekwa kwenye kopo, wifi mtu akafumba macho na kuchomoa. Ulipotoka mche wenye pembe iliyobonyea, mkono wa Bi Wembe ulimwasha ubadilishe. Hakubadilisha. Akamwomba Daktari kitu kimoja: kabla miche haijakauka, amwache yeye aigonge, na ile yenye sauti nzito aiwekee alama ya chaki chini. Alitia alama miche hamsini. Arobaini na sita ilipasuka.

"Chuoni hatuna mashine inayoweza hivi," Daktari alimwambia.

"Basi mnunue kidole," Bi Wembe akajibu, na roho yake ikawa kwatu.

Afisa aliporudi alipita rafuni mwenyewe, akachukua miche mia ya sufuria yenye mabaki na mia ya sufuria isiyo nayo, akahesabu nyufa mara mbili. Kule, ishirini na nne. Huku, mmoja, na huo uliwahi kuangushwa sakafuni. Mkurugenzi alitoka hadi katikati ya chumba, akasema kwa sauti ili hata walio karibu na feni wasikie: idara ya miche haifungwi, na hakuna mtu anayekwenda nyumbani. Vigelegele vilivyopigwa humo ndani, afisa alishika masikio.

Bi Wembe hakupiga. Alikwenda nyuma ya rafu ya mwisho akalia, kilio cha kweli, cha kamasi. Furaha ilikuwemo, lakini uchungu ndio uliomliza. Nyufa zote zile, miaka yote ile, alikuwa akizikoroga mwenyewe ndani ya sufuria na kisha kuwasingizia wenzake. Alipomaliza alijifuta kwa kile kitambaa cha kufutia miche, akatoka, akasimama mbele ya wapishi.

"Niliwaonea," alisema. "Wote mnaopika Jumatatu. Nisameheni."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kutoka kinywa hicho.

"Tutakusamehe Jumatatu, wifi," wifi yake akasema. "Leo bado tuna uvivu."

Wakaangua kicheko, naye akacheka katikati yao na macho bado mekundu.

Alasiri hiyo Daktari alikaa ofisini na kompyuta yake kujaza ripoti ya wizara, Bi Wembe kando yake, amevuta kiti karibu kuliko alivyokaribishwa.

"Hapa wanauliza chanzo cha tatizo," Daktari alisema. "Nitaandika ni utaratibu wa kurudisha mabaki. Sina haja ya kutaja mtu."

"Mtaje. Andika msimamizi wa chumba cha kukaushia aliyatia sufuriani kwa mkono wake, miaka kumi na tisa."

"Mama, hii itasomwa wizarani."

"Si ndiyo nzuri? Andika."

Daktari aliandika. Akateremka mstari mmoja, akasita, akaanza kuchapa jina la chuo kikuu chake. Bi Wembe aliinama asome, kisha akaweka kidole chake kilichochubuka juu ya kioo cha kompyuta.

"Hapo wanauliza nini?"

"Aliyesaidia kukigundua."

"Chuo kiweke," alisema Bi Wembe, "lakini cha pili. Cha kwanza andika: msimamizi huyo huyo."