Ukuta wa Matete

Evodie alikuwa mchoraji wa mabango ya saluni na maduka ya dawa hapa Kalemie. Ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni, watu walikata matete ya mwambao wajengee vibanda huko juu. Evodie, mtoto wa mvuvi, alijua kwamba vitoto vya samaki aina ya kuhe hukulia humo, kwenye matete na majani yaotayo chini ya maji. Aliwaambia watu sokoni, wakamwitikia kwa heshima na kuendelea kukata.

Basi akaamua kuchora. Ukuta mmoja wa depo, ghala la zamani lililobomoka, ulikuwa bado umesimama karibu na mahali mitumbwi inapofikia. Kwa mabaki ya rangi alichora majani yakiyumba majini na samaki wadogo wakijificha ndani yake. Nyuma yao aliweka ghuba ndogo ng'ambo ya Lukuga, pamoja na mawe yake mawili, ili watu waitambue kuwa ni yao.

Watu walikuja. Mama Gisèle, muuza samaki, alisimama pale muda mrefu, akasema hakuwahi kujua kwamba samaki hukulia kwenye matete. Delphin, mume wa dada yake Evodie, mvuvi aliyekuwa akirudi mikono mitupu, aliuliza kama kweli matete bado yako kule. Evodie akamweleza kwa furaha. Tangu mafuriko hakuwa amelala na moyo mwepesi kama siku ile.

Wiki iliyofuata masinia ya sokoni yalijaa kuhe wenye urefu wa kidole. Alipouliza walikotoka, wakamwambia: kule ulikochora.

Alikwenda mbio. Wanaume walikuwa wakikokota vyandarua vilivyoshonwa pamoja, matete yamelala chini yamekanyagwa, maji yamekuwa tope. Delphin alikuwa kati yao, maji kiunoni. Hakujificha.

"Shemeji," alisema, "jana watoto wangu hawakulala njaa. Njo weye mwenyewe ulituonyesha."

Evodie akampa kisogo. Alirudi akapaka chokaa juu ya ile ghuba ukutani, lakini nani sasa hakuijua njia? Mvua zilipoanza, kule kulikuwa kumebaki tope na mawe. Wapita njia walimwuliza kwa nini ameharibu picha nzuri hivyo.

Jioni moja dada yake alimpelekea sahani ya samaki wa kukaanga, kwa shukrani. Watoto wa Evodie waliishambulia. Naye akala. Walikuwa wadogo mno, hata miiba ya kutoa haikuwepo.