Kitanda Kilicholala Peke Yake

Mwaka wa sabini na nne mvua ya mawe iliezua bweni la chuo cha ukarani pale Kisii, mitihani ikiwa karibu. Chuo chenyewe kilikuwa cha harambee, kilichangiwa kwa kuku na mikungu ya ndizi, na mabati yake yalikuwa yale membamba ambayo hata kunguru akitua yanalia. Mkuu wa chuo akatangaza kwamba asiye na pa kulala mjini arudi kwao, na atakayerudi kwao asahau mtihani hadi mwaka ujao. Wengi wa wale vijana walijua kwamba mwaka ujao wazazi wao hawataweza tena.

Wasabato wa mjini wakaunda kamati ya kuwaokoa. Mmoja alileta unga, mwingine maharagwe, mwingine blanketi. Bathsheba, mjane aliyeuza ndizi mbivu sokoni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akasema atampa mmoja mahali pa kulala. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia la maua. Nje alikuwa na jiko la nyasi, na banda la kuivishia ndizi.

Aliletewa kijana mrefu mwenye shingo nyembamba, kabeba sanduku la bati kichwani. Bathsheba alimpa uji, kisha akamuuliza kama mgeni anavyoulizwa: kwenu wapi, baba yako nani. Kijana akajibu kwamba yeye ni Mogaka, wa upande wa Kenyenya, mwana wa mzee Omwenga.

Bathsheba aliijua nyumba hiyo. Binti yake, Jemimah, alikuwa ameolewa na Onyancha, mwana mkubwa wa Omwenga huyohuyo. Basi huyu mdogo wake Onyancha, hata kama ni wa mama mwingine, alikuwa mkwe. Na kwa Wakisii, kati ya mkwe wa kiume na mama mkwe kuna ensoni, heshima iliyo kama ukuta. Hawalali chini ya paa moja, hawali wakitazamana, wala mmoja hasogelei malazi ya mwenzake. Aliposema kwamba yeye ndiye mama yake Jemimah, kijana aliinamisha macho akageuka upande, na uji ukabaki nusu bakulini.

Kumfukuza hakuweza. Alimwambia, akiuangalia mlango, kwamba kitanda kitakuwa chake, maana yeye siku hizi hulala bandani kulinda ndizi dhidi ya wezi. Wezi hawakuwapo. Akatandika shuka lake jeupe la Sabato, akajaza taa mafuta, akatoka na mkeka.

Banda la ndizi si mahali pa kulala mtu mzima. Joto lake ni la kitu kinachooza polepole, na vijidudu vyake havina adabu. Kila asubuhi Bathsheba alijinyoosha mfupa mmoja mmoja, akaenda sokoni akiwa amechoka kabla hajaanza. Akajipa moyo kwamba angalau kijana anapata usingizi.

Asubuhi moja, wiki ya pili, aliingia jikoni mapema kuliko kawaida kutafuta makaa. Mogaka alikuwa amejikunja kando ya mafiga, kajifunika gunia, anakohoa usingizini. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimemwangukia kifuani. Bathsheba akaenda chumbani akafunua pazia. Shuka lilikuwa limenyooka vilevile alivyolitandika yeye.

Siku zote hizo, basi, mama mkwe alikuwa bandani, mkwe yuko jikoni, na kitanda kinalala peke yake. Mtoto wa watu alikuwa na adabu kuliko alivyodhani. Angecheka, lakini mgongo ulikataa. Alijua mtihani ni Jumatatu, na kwamba kijana anayekohoa hivyo, mwenye macho mekundu hivyo, atakalia kiti tu.

Akapanda hadi ofisini kwa Mwalimu Machogu, mwenyekiti wa kamati, kumwomba abadilishiwe mgeni. Machogu akamwambia hakuna nyumba isiyojaa, kisha akamwambia, kwa upole wa mtu anayejua kwamba si yeye atakayesemwa, kwamba mambo ya ensoni ni ya kale na Wakristo wameyavuka. Bathsheba hakubishana. Miguu ilimuuma. Akateremka.

Jioni alimkuta Mogaka anapasua kuni. Akakaa juu ya kinu, akampa mgongo kama inavyopasa, akauliza alichokuwa hajauliza.

"Mama yako mzazi ni nani?"

"Nyamoita."

"Wa wapi?"

"Birongo."

"Na aliyemzaa Nyamoita?"

"Kwamboka. Mimi sikumwona."

"Kwamboka yupi? Birongo ina akina Kwamboka wengi kuliko mawe."

Kijana akafikiri. "Mama husema alikuwa anacheka hata matangani."

Bathsheba alimjua huyo. Walikuwa wakiteka maji pamoja msimu mmoja, wasichana wadogo. Alikuwa binti wa binamu ya mama yake, au wa binamu ya binamu. Udugu mwembamba kama kamba ya mgomba. Lakini kamba ya mgomba hufunga mzigo.

"Huyo alikuwa dada yangu," akasema. "Kwa hiyo wewe ni mjukuu wangu, na bibi na mjukuu hawana ensoni."

Shoka likasimama. "Na shemeji Jemimah?"

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wote. Heshima ya mama mkwe ndiyo kivuli anamokaa binti yake ukweni. Kwa Omwenga wangesema mama yake Jemimah analala nyumba moja na mkwe, na wangeyasema mbele ya Jemimah mwenyewe.

"Jemimah ni wangu, nitaongea naye," Bathsheba akasema. Kisha akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uji, akamtania kama bibi anavyomtania mjukuu. "Wewe ni mume wa namna gani, unalala jikoni, mimi unaniachia ndizi? Ingia ndani. Umenizeesha."

Mogaka alicheka hadi kikohozi kikamkata. "Ndiyo, magokoro," akasema, yaani bibi. Usiku haujaingia alikuwa amelala kitandani na viatu vyake. Bathsheba akamvua, akatandika mkeka wake upande huu wa pazia.

Alhamisi Jemimah alifika. Habari zilikuwa zimeshamfikia Kenyenya. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mama, umenivua nguo mbele ya watu."

Bathsheba alimweleza habari za Kwamboka. Hata masikioni mwake mwenyewe ilisikika kama hadithi.

"Na kama ni kweli," Jemimah akasema, "mbona hukunitumia neno kwanza?"

Bathsheba akammiminia chai. Binti akaondoka, chai ikiwa mezani. Wakati huo Mogaka alikuwa chuoni, katikati ya karatasi ya mwisho ya mtihani. Bathsheba akaivuta ile chai upande wake. Ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo.