Mshona Vibuyu na Kalamu ya Mpingo

Kibuyu kikipasuka upande ule wa Ilongero, watu hawakuulizana kipelekwe wapi. Kilipelekwa kwa Mama Antipasi. Mwanamke huyo alianza kushona vibuyu kabla hajaolewa. Anatoboa pembeni mwa ufa kwa msumari wa moto, anapitisha uzi wa kano za ng'ombe, anakaza, anapaka samli, na maziwa hayavuji ng'o. Naye alilijua hilo, tena alilijua mno. "Kitu kikivunjika kikanishinda mimi," alizoea kusema, "basi kilikuwa kimeshakufa."

Kwa hiyo msiniulize alijisikiaje siku alipoivunja kalamu ya mwalimu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Watu walikuwa wameshahamia kijijini, nyumba zimepangwa mistari, na jioni, kazi ya shamba la ujamaa ikiisha, watu wazima waliingia ghalani kusoma. Mwalimu wao, Leonidas, alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi tu. Anaingia, anawaamkia wanafunzi wake shikamoo mmoja mmoja, halafu anawagombeza kwa kusahau herufi. Wote waliandika kwa penseli. Wino ulikuwa wa mwalimu, na kalamu ya kuchovya ilikuwa ya mwalimu. Marehemu baba yake aliichonga kwa mkono, kwa mti wa mpingo, akaitia nibu ya chuma. Atakayeandika vizuri kuliko wenzake ndiye angepewa kuishika, na wa kwanza kupewa akawa Mama Antipasi.

Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Aliishika kama anavyoshika msumari wake wa kutobolea, ngumi imekaza, akakandamiza. Nibu ikarudi nyuma ikaupasua mpingo, ufa mrefu kama kidole. Darasa zima lilisikia.

Leonidas hakugomba. Alifungua daftari la vifaa akaandika kwa penseli, na kwa kuwa alikuwa mwalimu hasa, alisoma kile alichokuwa akiandika: "Kalamu moja. Imevunjika." Jumamosi ile afisa wa elimu ya watu wazima alikuwa anakuja kukagua darasa, na kila kifaa kilitakiwa kiandikwe hali yake.

"Nipe nikaitengeneze, mwalimu," alisema Mama Antipasi.

"Hiki si kibuyu, Mama Antipasi."

"Nimesema nipe. Jumamosi utaikuta inaandika."

"Usihangaike, mama. Ni kalamu tu."

Lakini mwalimu alipomkabidhi kalamu, vidole vyake vilichelewa kuiachia, na Mama Antipasi akaona. Laiti angemgombeza! Alirudi nyumbani roho inamuuma, na kiburi chake kinamuuma zaidi.

Siku iliyofuata alitia msumari motoni akatoboa pembeni mwa ufa. Tundu la kwanza likapita salama. La pili likazaa ufa mwingine. Kibuyu ni kipole, ukikitoboa kinatulia. Mpingo ni mkaidi, unapasukia unakotaka wenyewe. Mtu mwenye akili angeachia hapo. Yeye akatoboa la tatu. Akashona, akakaza kwa meno, akapaka samli kama desturi, mti na nibu na yote, akaianika ukutani, akasimama kuitazama mikono kiunoni.

Wifi yake Dorika alikuwa anapita na ndoo. Alisimama akanusa.

"Inanukia vizuri, wifi. Tusonge ugali?"

"Pita na maji yako."

Akachovya wino, akajaribu kuandika juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Wino ukaikataa nibu. Uliteleza juu ya samli ukadondoka tone moja kubwa, pwaa. Akakandamiza ili ukubali. Uzi ukalegea, nibu ikayumba kama jino bovu. Hapo Mama Antipasi aliketi chini. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira ilikuwapo aibu tupu. Miaka yote hiyo amewaambia watu hakuna kinachomshinda, na sasa kijiti kisichofika shibiri kimemshinda mbele ya wifi.

Mumewe, Mathayo, alikuwa pale pale uani tangu asubuhi, anatengeneza jembe, kimya. Mama Antipasi alimtazama mara mbili tatu. Mficha uchi hazai.

"Baba Antipasi, mpini ukipasuka unafanyaje?"

"Ulikuwa unangoja nini kuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Ningekuambia, ungenirushia kibuyu." Na kweli angemrushia. Mathayo aliichukua kalamu akaigeuzageuza. "Mpini hatuutoboi. Tunauvalisha. Ngozi ya mkia wa ndama, ikiwa mbichi. Ikikauka inabana yenyewe."

Juma lile ndama wa jirani alikuwa amekufa, na Mathayo akaenda kuomba ncha ya mkia. Mama Antipasi alifumua kazi yake yote, uzi baada ya uzi, na kufumua kazi yako mwenyewe si mchezo. Akaikwangua ngozi manyoya, akailoweka, akaivalisha kalamu kama soksi, akaivuta mpaka ikafunika nyufa na matundu. Akainuka kuipeleka motoni ikauke upesi.

"Kivulini," Mathayo alisema bila kuinua kichwa. "Itapasuka. Siku mbili."

Siku mbili! Mwanamke asiyejua kungoja hata uji upoe alingoja siku mbili. Anapalilia, anakuja kuchungulia. Anatwanga, anakuja kuchungulia. Ijumaa asubuhi ngozi ilikuwa ngumu kama mfupa, na nyufa zimebanwa hata wembe usingeingia. Akaisugua nibu kwa majivu mpaka samli yote ikatoka. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, maana sasa alijua ugonjwa ulianzia wapi. Akaishika kalamu kama anavyoshika kifaranga: asitoroke, asife. Mstari wa kwanza ukawa hafifu, wa pili ukatetemeka, wa tano ukasimama. Alicheka peke yake.

Jioni alimpelekea mwalimu. Leonidas alichovya, akaandika mstari mzima, akapitisha kidole juu ya ngozi ile.

"Baba angekuwepo angeuliza umejifunzia wapi."

"Ungemwambia nimejifunzia kwenye kalamu yake, kwa kuiharibu."

Leonidas akafungua daftari la vifaa, akatafuta kifutio. Mama Antipasi akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Usifute. Ilivunjika kweli, na aliyeivunja ni mimi. Nipe niandike chini yake."

Aliandika kwa wino, polepole, muda ambao mwingine angechambua mboga ya kulisha wageni. Hakuna tone lililodondoka.

Jumamosi afisa alifika kutoka Singida mjini na baiskeli yake, mtu mgeni kabisa, hamjui yeyote. Alihesabu wanafunzi, akahesabu penseli, akafungua daftari la vifaa akasoma kwa sauti.

"Kalamu moja. Imevunjika." Akashusha jicho. "Kalamu imepona. Anastazia."

Akainua kichwa. "Anastazia ni nani?"

Wenzake wakatazamana, kwa sababu miaka ishirini hakuna aliyemwita hivyo, na Dorika, naye mwanafunzi wa darasa lile, aligeuka kutazama mlangoni kama anayetafuta mgeni. Mama Antipasi alimtazama yule afisa. Mtu asiyemjua wala kuujua ukoo wake alikuwa amesoma maneno yake, akayaelewa yote, na yeye hajafungua kinywa. Moyo ulimjaa mpaka ukamwinua.

"Ni mimi," alisema, na hakuongeza mama wa nani wala mke wa nani.