Ghala Lililopiga Chafya

Jengo la nyuma ya kituo cha polisi, serikali ilisema, ni ghala la magunia matupu. Mama Pilipili, msagaji wa pilipili ambaye hata nzi walipiga kona kukwepa kibanda chake, alijua mwanawe yumo. Kijana alikuwa mpiga chapa. Alichapa karatasi za kudai uchaguzi, polisi wakamzoa na kiatu mguu mmoja.

"Hayupo," afisa wa getini alimjibu kila alipokwenda. "Nenda nyumbani kalee wajukuu."

"Watatoka wapi, afande, na mume wangu mmemfungia?" mkwewe, aliyefuatana naye, akadakia.

Mtu asiyekuwepo hapelekewi chakula, na akifa hakuna wa kuulizwa. Hilo ndilo lililomkosesha Mama Pilipili usingizi.

Asubuhi moja, upepo ukivuma kuelekea ukutani, akaja na jiko, kikaango, gunia la pilipili kavu na bakuli la chakula. Wake, mama na dada za wengine "wasiokuwepo" wakaketi naye, kila mmoja na bakuli lake.

"Mnafanya nini hapa?" afisa akafoka.

"Biashara, baba. Kukaanga pilipili nako ni uchochezi?"

Moshi ukapanda. Kunguru juu ya bati walilia machozi, na anayebisha akawaulize wenyewe. Kwanza kimya. Kisha ghala likapiga chafya. Nyembamba, nzito, za kukwaruza, mpaka bati likacheza.

"Huyo mume wangu!" fundi cherehani akaruka. "Hata kitandani hunishtua hivyo hivyo!"

"Na huyo kaka!"

Mama Pilipili akatulia, mwiko mkononi. Mwanawe alirithi chafya ya babu yake: mbili ndogo za paka, halafu moja ya kuamsha mtaa. Zikaja mbili za paka. Akashika pumzi. Ikaja ya tatu, ikamvua afisa kofia.

"Pole, mwanangu!"

"Poleni!" wanawake wote wakaitikia.

Afisa, kamasi zikimshinda, akaugeukia ukuta: "Nyamazeni humo ndani!"

Wapita njia wakasimama.

"Unayakemea magunia, baba?" Mama Pilipili akauliza kwa upole.

Barabara nzima ikaangua kicheko. Afisa akaokota kofia, akaitazama, kisha akanyoosha mkono kupokea bakuli la chakula.

"La nani?"

Mama Pilipili akalitaja jina la mwanawe, la baba na la babu, kwa sauti iliyofika sokoni. Nyuma yake wenzake walishapanga foleni, vichwa juu kama maharusi.