Miaka Iliyotolewa Kwenye Hesabu

Jumatatu asubuhi Nubia Arbeláez alikuwa anakula arepa, mkate wa mahindi, mezani kwake, katika mfuko wa akiba wa wakulima wa kahawa mjini Manizales, mlinzi alipokuja kumwambia kuna watu wanamsubiri mapokezi.

Kazi ya Nubia ilikuwa kuilisha kompyuta bei za kahawa, mvua na dola. Kompyuta ilivichanganya kwa kubahatisha, kama mtu anayerusha kete, ikazaa maelfu ya miaka ambayo ingeweza kutokea. Mingi ilikuwa ya heri. Katika michache, akiba za watu ziliteketea, na kupitia michache hiyo mfuko ulijua hatari yake ni kubwa kiasi gani. Ijumaa, bosi wake, Bwana Echeverri, alimwagiza aitoe miaka yote ambayo bei inaporomoka huku ugonjwa wa kutu ya majani ukivamia mashamba.

"Huo ni mkosi, binti, si hesabu," alisema. "Tukiuacha humo, nani ataleta pesa zake hapa?"

Nubia akaitoa. Hatari ikapungua, ripoti ikapendeza.

Waliokuja mapokezi walikuwa watu wa miaka ile aliyoitoa. Walikaa wamelowa, kofia magotini. Vitambulisho vyao vilikuwa halali, ila sura za kwenye picha zilikuwa zimenawiri kuliko wenyewe. Mlinzi aliwapa namba za foleni.

Pembeni alikaa Don Evelio, mjomba aliyemlea Nubia na kumsomesha kwa kahawa ya shamba lake.

"Shikamoo, mjomba. Umekonda."

"Marahaba. Shamba lilikwenda, mwanangu, na akiba ikafuata." Alivisogeza chini ya kiti viatu vyake vilivyotoboka. "Usijali. Ulikuwa kazini."

Bora angemtukana. Nubia alipanda juu kwa bosi.

"Watu wa ile miaka tuliyoitoa wamekuja," alisema.

Echeverri hakuinua macho. "Wape kahawa. Ila wasikae dirishani, wateja wanapita pale."

Aliporudi chini, Don Evelio mwingine, yule wa mwaka huu, alikuwa anaingia mlangoni. Alikuwa na kitambi na kofia mpya, amebeba mkungu wa ndizi za kupika. Alikuja kuweka fedha za mavuno. Alikaa karibu na yule aliyekonda, akamsalimia, wakazungumza habari za mvua. Baadaye alimvuta Nubia kando.

"Nani yule mzee? Kama namfahamu."

"Mteja tu, mjomba."

"Ana njaa, na anaona haya kuomba." Alimkatia yule mzee nusu ya mkungu, kisha akarudi na kushika kalamu. "Haya, niambie wewe uliyesoma. Niweke zote?"

Yule aliyekonda aliinamisha kichwa, akawa anachunguza kucha zake. Angeweza kusema neno moja. Nubia pia angeweza. Ngazi za kwa bosi zilikuwa nyuma yake, na mlango ulikuwa wazi.

"Weka, mjomba. Ni salama."

Don Evelio alitia saini, akambusu mpwa wake kwenye paji la uso, akaenda zake nyumbani.

Wale watu hawakuondoka. Mwezi uliofuata walihamishiwa chumba cha nyuma, wakanunuliwa mabenchi. Wafanyakazi wakawazoea. Kila baada ya ripoti mpya waliongezeka wengine, na wa zamani wakajibana kuwapisha.

Mchana Nubia humpelekea yule mjomba aliyekonda maharage na wali. Yeye hula ameupa ukuta uso. Siku moja Nubia alimwambia ageuke, asione aibu, pale ni kwao.

"Aibu ya nini?" mzee alisema, akitafuna. "Nakustahi wewe, mwanangu."

Nubia alingoja amalize, akachukua sahani, akaenda kuiosha. Kisha alirudi mezani kwake, akaiwasha kompyuta izae miaka mingine, na ile mibaya akaitoa.