Spaida za Fahali

Kuku wengine wa Misikhu hulala juu ya vijiti. Kuku wa Sellah walilala juu ya ekseli mbili za gari, zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta ndani ya kibanda chao, na jogoo wao alikuwa hawiki asubuhi kabla ya kugonga chuma kwa mdomo, kama mzee wa kanisa anayehakikisha kwamba kengele bado ipo.

Asubuhi hiyo Eliakim Wabwile alisimama mlangoni mwa kibanda, kofia mkononi, akizitazama ekseli hizo kwa macho ya mtu aliyekuja kumjulia hali jamaa aliyemtelekeza. Zilikuwa zimevaa koti jeupe la mavi ya kuku. Zilikuwa ekseli za mbele za Fahali.

Fahali lilikuwa jina la gari lake, gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, au hivyo ndivyo kila mtu kutoka Misikhu hadi Bokoli alivyoamini. Alilinunua kabla hajastaafu kazi ya kupima mashamba. Ufundi alijifundisha mwenyewe, kwa kulifungua gari na kulifunga. Kila alipolifunga, kuna kitu kilibaki nje, naye akawaeleza majirani kwamba kiwanda huweka vyuma vya ziada kwa wateja waaminifu.

Kisha sehemu ya mbele ikaanza kugonga. Fundi Nehemiah wa Bungoma akalala chini ya gari, akatoka na hukumu: spaida zimekwisha. Spaida ni vile vyuma vyenye umbo la msalaba vinavyounganisha vipande vya ekseli ili iweze kujikunja gurudumu linapopinda. Nehemiah akashauri ekseli zenyewe zichomolewe kwa muda. Gari litasukumwa na magurudumu ya nyuma, matumizi ya mafuta yatapungua, na kelele itakwisha. Wabwile akakubali. Muda huo ulikuwa umeota mvi. Alimwambia mkewe, Sellah, kwamba zile zilizo kwenye kibanda ni ekseli za akiba, naye akaitika "Sawa," na kuku wakahamia.

Hilo halikumzuia kuivuta gia ya mbele kila alipoona matope. Aliivuta kwa mikono miwili, shingo imemkakamaa, huku akiwaambia abiria, "Shikeni kitu." Gia yenyewe haikushika chochote.

Na pengine mambo yangeendelea hivyo mpaka mwisho wa dunia, kama si mdomo wake. Siku walipokwenda kukamilisha mazungumzo ya ndoa ya binti yao Phelista, huko kilimani upande wa Suam, Wabwile aliwasimulia wakwe jinsi Fahali alivyolivuta lori la miwa kutoka mtoni kwa magurudumu ya mbele peke yake, tena kinyumenyume. Tembo wa Mlima Elgon, alisema, walitoka pangoni walikokuwa wakilamba chumvi, wakaona kazi ile, wakarudi ndani kwa aibu. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa gari la kukodi. Fahali, alieleza, alikuwa amepumzishwa. Baba mkwe wa Phelista, mzee Cheruiyot, alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akasema kwa upole, "Siku moja utatuletea huyo Fahali tumwone."

Siku hiyo ilikuwa imefika. Phelista alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Jumamosi wazazi wake walitarajiwa kwenda kumwona mjukuu. Mkwe wao Rotich alipiga simu.

"Baba, shikamoo. Mzee anasema msipande pikipiki. Anataka kuona Fahali akipanda kilima."

"Atamwona."

"Na anasema ng'ombe wa jembe watafungwa nira karibu na lango. Ati kama tu mtawahitaji."

Kukwama shambani kwa mtu baki ni bahati mbaya. Kukwama langoni kwa wakwe, ukakokotwa na ng'ombe wao mbele ya wanawake na watoto, ni jambo ambalo mjukuu atalikuta likimngoja akishajua kusema. Ndiyo maana Wabwile aliwafukuza kuku, akaosha ekseli, akachomoa spaida moja iliyochakaa, akaifunga kwenye gazeti kuukuu, akaiweka kikapuni. Duka la spea la Kitale halikubali maelezo. Linataka uje na cha zamani.

"Mimi pia naenda Kitale," Sellah alisema. "Nataka shali ya mtoto."

Shali ilinunuliwa upesi kuliko Wabwile alivyoomba kimoyomoyo. Walipofika kwenye duka la spea, Sellah aliingia naye, akaketi juu ya tairi.

Mwenye duka, Jepkorir, mama wa makamo mwenye leso kichwani na miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua gazeti.

"Hii ni ya gari gani, Mzee?"

"Ya Fahali."

"Fahali ni modeli gani?"

"Ni modeli ya peke yake," Sellah alidakia kutoka kwenye tairi.

Jepkorir alicheka kwa pua. Akapima spaida, akaingia nyuma, akarudi na maboksi mawili.

"Sasa hapa utachagua. Hii ya kwanza imezibwa kabisa, haina nipeli. Chuma chake hakijatobolewa, kwa hivyo iko na nguvu. Unafunga, unasahau. Hii ya pili iko na nipeli ya kupitisha grisi. Ndani imetobolewa, nguvu inapungua kidogo. Lakini ukipita kwa matope, unapiga grisi mpya, maji yote yanatoka. Hii ni kama ng'ombe wa maziwa. Lazima uende kwake. Ukimsahau, analia."

Wabwile aliinyanyua ile ya kwanza. Ilikuwa nzito, nyeusi, imetulia kama askofu. Kufunga na kusahau: hakuna aliyekuwa na kipaji hicho kumshinda.

"Nipe hii. Fahali hapendi kubembelezwa."

"Hiyo isiyolia," Sellah aliuliza, "ikikauka mtu atajuaje?"

"Hajui, Mama. Inavumilia, inavumilia, halafu siku moja unasikia tu paa."

Sellah akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei ya nyanya akaambiwa ile aliyoitarajia.

Jepkorir alikuwa bado anaigeuza spaida ya zamani. Akaisogeza puani. "Lakini Mzee, hii imekaa miaka mingi bila kuzunguka. Tena inanuka kuku. Kwa matope hiyo gari imekuwa ikivutwa na nini?"

Wabwile alifungua kinywa. Hadithi ilikuwa tayari, imeshavaa viatu. Ilihusu fundi mmoja wa reli na siri ya hewa ya matairi.

"Na mimi," Sellah alisema.

Nje mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo.

"Si huwa ananiambia nishuke nitazame kama magurudumu ya mbele yamenyooka?" Sellah alikuwa akizungumza na Jepkorir, mwanamke kwa mwanamke. "Basi nikishuka naenda nyuma. Nakaza sketi, nasukuma. Fahali akitoka, napanguza mikono, napanda."

"Na yeye hakuoni?"

"Kioo cha nyuma kilivunjika zamani."

Wabwile alijaribu kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Alikumbuka matope ya Bokoli, na mvua ile ya mazishi ya shemeji yake, na kila mara aliposhika usukani akiona gari likinyanyuka chini yake kama linalojivuna. Alidhani ni mkono wake. Alidhani baadhi ya watu huzaliwa na mkono. Alikumbuka pia kwamba, walipofika kila mahali, mtu wa kwanza kusema "Fahali amejitoa mwenyewe" alikuwa Sellah, matope yakiwa yamemfika magotini. Na yeye alikuwa akishangaa jinsi wanawake wanavyojichafua kirahisi.

"Mama Phelista," alisema hatimaye. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kusimulia. Mimi niliolewa kwa sababu ya ile hadithi ya mamba na mhubiri."

"Ile ni ya kweli."

"Najua, Baba Phelista. Zote ni za kweli."

Jepkorir aliinamia kaunta, mabega yakimtikisika.

Wabwile alirudisha boksi la kwanza mahali pake, taratibu, akalisukuma mbali kwa kidole. Akalivuta la pili. Alikigusa kile kichuchu kidogo cha kupitishia grisi, kilichochomoza kama titi la mbuzi, akakitazama kwa muda.

"Nitachukua hizi zinazolia," alisema. "Na bomba la grisi." Alivaa kofia yake, kisha akaivua tena. "Na kioo, Mama. Cha kutazamia nyuma."

Nehemiah alizifunga ekseli huko Bungoma kabla ya Jumamosi, akilalamika kwamba hajawahi kutengeneza gari lenye manyoya.

Jumamosi mvua ilikuwa imetangulia kilimani. Walipoiacha lami, njia ilikuwa nyeusi na laini kama ugali wa wimbi uliokosa moto. Kule juu, langoni, wakwe walikuwa wamejipanga na mavazi yao ya kanisani, na kando yao ng'ombe wawili chini ya nira wakicheua bila haraka. Sellah alikuwa amepakata kikapu chenye kuku wa zawadi kutoka kibandani mwake. Gari lilianza kuserereka, naye kwa mazoea akakiweka kikapu chini, akakaza sketi, akashika kitasa cha mlango.

"Leo kaa," Wabwile alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Kaa tu."

Aliivuta gia kwa mkono mmoja, bila kukaza shingo. Safari hii ilishika, na mshiko wake ukampanda hadi kiwikoni. Magurudumu ya mbele yalizunguka bure, yakarusha matope mpaka kwenye kioo, gari likarudi nyuma kidogo, na ng'ombe mmoja akainua kichwa. Wabwile alitazama kioo kipya. Nyuma hakukuwa na mtu. Kulikuwa na njia tu, na alama za matairi. Kisha magurudumu ya mbele yakauma ardhi. Fahali aliguna, akapiga hatua, akapiga nyingine, akapanda kilima chote akilalama, akapita lango.

Mzee Cheruiyot alilizunguka gari mara moja. Akaagiza ng'ombe wafunguliwe, kwa sauti yenye huzuni kidogo.

Ndani, baada ya sala na chai, mtoto akiwa mikononi mwa Sellah ndani ya shali yake, Cheruiyot alijiegemeza kitini. "Haya, mkwe. Tuambie ulivyopanda."

Chumba kizima kiligeuka. Wabwile alijikuna kidevu.

"Nilivuta gia," alisema. "Akapanda."

Wakwe walisogeza viti karibu.

"Hiyo tu?" Cheruiyot aliuliza, kama aliyealikwa harusi akapewa maji.

"Msimsikilize, anaona haya," Sellah alisema, akimpangusa mtoto mdomo. "Pale kwenye kona Fahali alipiga magoti. Nikamwambia Baba Phelista, tuombe. Si ndipo tukasikia miguu huko msituni..."

Wabwile aliomba ruhusa, akatoka. Jepkorir alikuwa amesisitiza: ukitoka kwenye matope, grisi. Alitandika gunia, akalala chini ya gari, akafuta nipeli kwa kitambaa, akaanza kusukuma bomba. Maji machafu yalitoka kwanza, kisha grisi ya kijivu, kisha iliyo safi. Sauti ya Sellah ilipenya dirishani. Tembo walikuwa wameshafika, na walikuwa wengi kuliko wale wa hadithi yake mwenyewe.

Mtu alikuwa amemfungulia kuku wa zawadi uani. Kuku huyo alipita akichunguza ugeni, akaingia chini ya gari, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine. Halafu akaruka, akatua juu ya chuma cha mbele, karibu na pale ekseli inapoingia gurudumuni, akajikunyata na kufumba macho.

Wabwile alihamishia bomba mkono wa pili, polepole, ili asimshtue. Ndani wakwe waliangua kicheko, na yeye akabaki amelala pale pale, akingoja kusikia Fahali alitokaje.